"Si Utoke Tu!" Si Mpango

Wasee, kuna jibu tunalirusha mitandaoni kila siku. Mtu akisema ameenda kortini kuomba talaka na mwenzake ameanza kumtishia kwa nyumba, tunaandika: "Si utoke tu!" Halafu tunascroll. Mimi naona jibu hilo ni hatari karibu kama lile la mashangazi la "vumilia, mama."

Mtu aliyezoea kukutawala huwa mbaya zaidi akiona unamponyoka. Barua ya wakili ikifika, hapo ndipo balaa huongezeka. Kutoka bila mpango kunaweza kumaliza mtu.

Na nani alisema anayetishiwa ndiye lazima atoke? "Hii nyumba iko kwa jina langu" ni maneno tu. Sheria ya mali ya ndoa ya 2013 inasema mume au mke hawezi kumfukuza mwenzake kwa nyumba yao ndoa ikiwa bado ipo, mpaka korti iamue. Sheria ya 2015 ya kuzuia dhuluma za nyumbani nayo inaruhusu korti kutoa amri ya ulinzi, hata kumwambia mwenye fujo akae mbali na nyumba hiyo. Wanaume pia inawalinda.

Kwa hivyo rafiki yako akikuambia, usimpe kelele. Msaidie kupanga. Kitambulisho, vyeti vya watoto na nguo kidogo vikae kwa mtu anayemwamini. Abadilishe PIN ya M-Pesa na nywila, aangalie kama lokesheni ya simu bado inaonekana na yule mwingine. Jirani ajue neno moja la siri: akilisikia, apige simu polisi. Mabishano yakianza, asikimbilie jikoni, kuna visu. Akitishiwa, aripoti na atoke na namba ya OB. 1195 ni bure, usiku na mchana.

Na wewe uliye kidato cha tatu, wazazi wako wakitalikiana: wewe si jasusi wa mama wala mjumbe wa baba. Wakianza kupigana usiingie katikati. Chukua wadogo wako, mtoke, mwite mtu mzima. 116 ni ya watoto, na pia ni bure.

Kuposti "nimejitoa" kunaweza kungoja. Kwanza awe salama, na asiseme anaenda wapi. Likes hazifungi mlango usiku.