Njia Hufunguliwa Kila Mwaka

Ndugu mwanafunzi, njia ya msituni ikishafunguliwa huanza papo hapo kuzibika. Itazame Long Trail katika jimbo la Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani: yapata kilomita 440 za misitu na vilele, toka mpaka wa Massachusetts hadi mpaka wa Kanada. Watu wa kujitolea walianza kuikata baada ya chama chao, Green Mountain Club, kuundwa mwaka 1910; waliufikia mpaka wa kaskazini mwaka 1930. Wenzao wa leo wangali wanaondoa miti iliyoanguka na kuchimba mifereji ya kupitisha maji.

Wapo wadaio kwamba kazi isiyo na ujira huipunguzia serikali wajibu wake. Kuhusu zahanati, nakubali. Kuhusu njia hii, sikubali: waliijenga kwa hiari, hawakusukumwa. Lichambue neno lenyewe, *kujitolea*. Kiambishi *ji* chaonyesha kuwa kitolewacho ni nafsi ya mtoaji.

Nasi wapitaji tuna deni. Theluji iyeyukapo, udongo wa milimani hulowa chepechepe, na chama huwaomba watu wasipite huko hadi mwishoni mwa Mei. Mwenye haraka hukwepa tope kwa kukanyaga pembeni. Wa pili humfuata. Njia hupanuka, mimea hufa, mvua huchukua udongo. Naona huyo hana tofauti na abomoaye kwa jembe. Ukifika Vermont mwezi wa Aprili, tembea mabondeni penye ardhi kavu, uiache milima hadi Juni.