Mvua ya Meru si Mizani ya Dhambi



Baada ya swala ya Ijumaa iliyopita tulisikia barazani kauli iliyotusikitisha. Ndugu mmoja alisema kwamba watu wa Oldonyo Sambu wamenyimwa mvua kwa madhambi yao, ilhali sisi tulio kusini mwa mlima tumenyeshewa kwa uchamungu wetu. Hatukumjibu pale, tunajibu hapa, kwani huenda maneno hayo yanasemwa katika nyumba nyingi.

Qur'ani Tukufu imeyataja mabadiliko ya pepo miongoni mwa ishara kwa watu wenye akili. Basi na tuitumie akili hiyo.

Arusha iko takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Katika latitudo hii jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Joto linapozidi, hewa hupanda, na pepo za kusini-mashariki na kaskazini-mashariki huja kuijaza nafasi yake. Zinapokutana, mawingu hujikusanya. Ukanda huo wa mawingu hulifuata jua kaskazini na kusini, nasi tumo njiani mwake. Ndiyo maana tuna masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba au Novemba hadi Desemba. Pepo hizo ni zile zile za kusi na kaskazi zilizoendesha majahazi ya wazee wetu baina ya Unguja na Omani.

Hewa iliyopanda huku kwetu husafiri juu kwa juu, kisha hushuka ikiwa kavu kwenye latitudo za nyuzi 20 hadi 30. Makka iko nyuzi 21 kaskazini, na ukavu wa ardhi yake watokana kwa sehemu kubwa na hewa hiyo. Je, yupo atakayethubutu kusema kuwa ukame wa mji ule mtukufu ni dalili ya dhambi?

Oldonyo Sambu na Usa River zinakaribiana mno kwa latitudo. Kinachozitofautisha ni Mlima Meru, wenye urefu wa mita 4,566. Upepo wenye unyevu wa Bahari ya Hindi hupanda miteremko ya kusini na mashariki, hupoa, na kuiacha mvua yake huko. Ukishukia kaskazini-magharibi, umekwisha kukauka. Ndugu yetu wa Oldonyo Sambu anaishi nyuma ya mlima, hilo tu.

Kuzijua sababu hizi hakupunguzi qudra ya Allah (s.w.), kwani kanuni hizo ni Zake. Swala ya kuomba mvua ipo, na toba ipo. Lakini toba huanza na nafsi ya mtu, si kwa kuhesabu madhambi ya jirani.

Kamati yetu nayo inajilaumu. Vuli iliyopita mifereji ya paa la msikiti ilikuwa imeziba, na neema ile ikamwagika barabarani huku matangi yetu yakiwa matupu. Msimu unajulikana, hivyo hatuna udhuru. Kabla ya masika tutaisafisha, na kila nyumba ifanye vivyo hivyo. Na mwenye jamaa ng'ambo ya mlima amuulize hali ya maji yake kabla ya kumpima imani yake.

Wabillahi tawfiq.