Ramani ya migodi isomeke na mchimbaji pia

Sheria ya migodi ya 2002, vile ilivyobadilishwa mwaka 2018, inasema wazi: uchimbaji wa mikono unafanyika ndani ya eneo lililotengwa (ZEA), na mchimbaji awe ndani ya koperative na awe na karte. Ramani ya haki za migodi ya Cadastre Minier (CAMI) nayo iko mu intaneti, kila mtu anaweza kuifungua. Hiyo ni hatua nzuri, tunaisifu. Ila tunauliza: nani anaielewa?

Kare moja ya migodi ni karibu hekta 85. Mu ramani inakuwa kisanduku kidogo chenye rangi na namba. Mchimbaji wa Kasugho hatafuti namba. Anataka kujua: hapa tunapochimba ni pa nani? Kama hapati jibu mu simu yake ndogo, na rezo yetu hii ya kupotea-potea, atajua siku ya kufukuzwa. Siku hiyo ameisha kuweka jasho na deni mu shimo.

Wengine watasema: wachimbaji hawakusoma, ndiyo sababu. Tunakataa. Mama wa soko Butembo anatuma pesa kwa M-Pesa bila intaneti, kwa kubonyeza 1, 2, 3. Waliotengeneza menu ile walimfikiria mwenye simu ndogo.

Kupima hakuombi pesa nyingi. Mtaalamu Jakob Nielsen aliandika tangu 2000 kwamba watu 5 wanatosha kuonyesha sehemu kubwa ya matatizo. Basi waitwe watu 5 huku kwetu: mchimbaji, mama mwenye kutwanga mawe, mnunuzi wa dhahabu, katibu wa koperative na chefu wa kijiji. Wapewe simu na kazi moja tu: tafuteni mwenye eneo hili. Halafu fundi anyamaze, aangalie. Wamefika? Wamechukua muda gani? Wamekwama wapi?

Katiba ya 2006, article ya 1, inahesabu Kiswahili kati ya lugha 4 za taifa. Kwa hiyo tunaomba Wizara ya Migodi: ukurasa wowote wenye kugusa mchimbaji uandikwe Kiswahili pia, na upimwe huku mbele ya kuzinduliwa. Sisi wa sendika tuko tayari kuleta hao watu 5, na benchi ya kukalia.