Iacheni Kengele Ilie

Mara ya kwanza niliitazama filamu ya Parasite katika kibanda cha video mjini Busia, upande wetu wa Uganda, ikiwa imetiwa sauti ya msimulizi wa Kiswahili. Mara ya pili niliitazama bwenini kwenye kompyuta ya mwenzangu, ikiwa na Kikorea chake na manukuu chini ya picha. Nasema bila kuficha kwamba nilitazama filamu mbili. Ya kwanza ilikuwa kichekesho cha matapeli wanne kilichovurugika mwishoni bila sababu. Ya pili ilininyima usingizi.

Walioiona wanakumbuka usiku wa mvua. Familia ya Kim, inayoishi katika chumba kilichozama nusu chini ya ardhi na kukunja maboksi ya piza ili ipate chakula, imejipenyeza mmoja mmoja ndani ya nyumba ya tajiri Park. Mwana ni mwalimu wa nyumbani, binti ni mtaalamu wa uongo wa michoro ya watoto, baba ni dereva, mama ni mpishi. Tajiri na familia yake wameenda kupiga kambi. Hawa maskini wamejitandaza sebuleni wanakunywa pombe ya wenyewe na kuota kwamba nyumba ni yao. Kisha kengele ya mlango inalia. Bong Joon-ho, mwongozaji, anaiacha ilie. Tunaoneshwa uso wa aliyekuja kupitia kioo kidogo cha ukutani, uso uliolowa, unaotabasamu kwa namna isiyoeleweka. Saa nzima ya kicheko inageuka hapo, kwa sauti ya kengele tu.

Msimulizi wetu hakuistahimili kengele ile. Kabla haijalia tena, alikwisha kutuambia ni nani yuko nje, amefuata nini, na chini ya nyumba ile kuna nini. Mimi sitakuambia. Kama hujaiona, nenda ukaione, na uende na masikio yako mwenyewe.

Najua nitakavyojibiwa, kwa sababu nimekwisha kujibiwa. Katika kipindi cha fasihi simulizi tuliambiwa kwamba msimulizi wa filamu ndiye fanani wa zama zetu. Tulipewa mfano wa Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliyejipatia sifa Tanzania kwa kutafsiri filamu za kigeni, na wa DJ Afro wa Kenya na filamu zake za kung fu na za Kihindi. Tuliambiwa pia kwamba hapa kwetu Uganda mafundi hawa huitwa VJ na hutumia zaidi Kiluganda, na kwamba Wajapani nao walikuwa na benshi, wasimulizi waliosimama kando ya skrini enzi za filamu zisizo na sauti. Yote ni kweli. Nami sina haki ya kuwadharau watu hawa. Kiswahili changu cha kwanza sikukipata darasani. Nilikipata kwa shilingi 500 kwenye benchi la mbao, kutoka kwa santuri zilizovushwa mpaka, nikiwa sijui hata kwamba ngeli ni nini. Wako wenzangu wengi humu chuoni wenye asili kama hiyo, ingawa wakifika mbele ya mhadhiri husema walivutiwa na tenzi.

Ila huyo fanani anayesifiwa, mbona hafanani na bibi yangu? Bibi alipotufikisha mahali zimwi limesimama nyuma ya mlango, alinyamaza. Alichochea moto. Aliuliza kama kuku wamefungiwa. Sisi hadhira tulikuwa tukifa kwa hamu, naye anajua, na ndiyo maana hasemi. Taharuki tunayoitolea maksi kwenye mitihani ya riwaya ni hiyo: mtu anajua jambo na anakunyima kwa muda. Msimulizi wa kibandani anaogopa ukimya kama mwizi anavyoogopa tochi. Kimya kikipita kidogo tu, anadhani watazamaji watadai pesa zao. Basi anajaza.

Kwenye filamu za mapigano sioni hasara kubwa. Mtu amepigwa teke akapitia dirishani, nawe unaongeza kwamba hata shemeji yake kijijini amehisi maumivu. Sawa, tucheke. Kwenye vichekesho vya zamani pia unaweza kuukata mzaha mmoja ukabandika mwingine, na hadithi isidhurike.

Hasara iko kwenye filamu za miaka ya karibuni zinazochanganya kicheko na hofu, na hizo ndizo nzuri kuliko zote nilizoziona. Katika filamu hizi mzaha ni mbegu. Chukua Knives Out ya Rian Johnson, ya mwaka 2019. Marta, muuguzi wa mzee aliyekufa, akisema uongo hutapika. Unacheka. Halafu mpelelezi anaanza kumhoji, nawe unatambua kwamba kile kichekesho ndicho kamba iliyo shingoni mwake. Msimulizi akipita juu ya maelezo ya ugonjwa huo akizungumzia chakula kibovu cha hoteli, kama nilivyomsikia mmoja akifanya, filamu nzima imebaki haina mhimili.

Au chukua Get Out. Jordan Peele alikuwa mchekeshaji wa televisheni kabla ya kuiongoza filamu hiyo mwaka 2017, na muswada wake ulipata tuzo ya Oscar. Kuna tukio ambapo Georgina, mtumishi mweusi wa nyumba ya wazungu, anamhakikishia mgeni kwamba anatendewa vema. Anatabasamu, anarudia neno la kukana mara nyingi, na wakati huohuo chozi linamtiririka. Mdomo unasema hili, jicho linasema lile. Katika nakala iliyosimuliwa niliyoiona, pale palitiwa utani wa mke aliyeficha sukari ya mumewe. Kibanda kizima kilicheka. Mimi nilicheka pia, na bado naona aibu.

Hapo kuna jambo lingine linalonikera. Kila mzaha wa asili ukitupwa, unaokuja badala yake ni uleule: mke mchoyo, msichana mnene, kabila fulani na ulafi wake. Waliozoea husema ndiyo ladha ya mtaani. Mimi nimekulia mtaani. Mtaa wetu una mizaha elfu, tena mikali, kuhusu madiwani, wachuuzi wa mpakani na wachungaji wenye magari. Hiyo sijawahi kuisikia ikitiwa kwenye filamu.

Turudi kwa Parasite, kwa sababu pale ndipo nilipokasirika hata nikashika kalamu. Mzaha mkuu wa filamu ile ni harufu. Mtoto wa tajiri anagundua kwamba dereva na mpishi wananuka sawa. Baadaye tajiri mwenyewe anamweleza mkewe kuhusu harufu ya dereva: anaifananisha na figili iliyokaa, kisha na tambara lililochemshwa, kisha na watu wanaosafiri kwa treni za chini ya ardhi. Baba wa familia ya Kim anasikia, akiwa amejificha hatua chache kutoka hapo. Ni jambo la kuchekesha mpaka linapokoma kuchekesha. Msimulizi wetu alilifanya kikwapa cha jamaa asiyeoga, akaliacha hapo. Filamu ilipofika mwisho, kijana aliyekaa mbele yangu aligeuka na kuuliza, "Sasa huyu mzee amefanya hivyo kwa nini?" Hakuna aliyemjibu. Tulikuwa watu kama thelathini, wengi wetu wapakiaji mizigo na wauza mitumba, watu ambao harufu zetu zimewahi kufunguliwa madirisha ya magari. Filamu ile ilikuwa imetengenezwa juu yetu. Tulinyimwa sababu moja tu, na kwa hiyo tulinyimwa yote.

Msiniambie kwamba dawa ni manukuu ya Kiingereza. Wengi wa wale thelathini hawayasomi kwa kasi hiyo. Wala sisemi msimulizi afukuzwe. Nasema atafsiri kinachosemwa, na pasiposemwa kitu, anywe maji.

Lawama nyingine ni ya kwetu. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna kozi nzima ya tafsiri. Tunaandika kurasa na kurasa juu ya ulinganifu wa kisawe na nadharia za Wazungu, lakini katika darasa letu hakuna aliyewahi kuandika manukuu ya Kiswahili ya dakika kumi za filamu yoyote, na hakuna mhadhiri aliyetuagiza. Kiswahili kimo katika katiba yetu kama lugha rasmi ya pili tangu mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Bado nchini humu wapo wazee wanaokisikia kama lugha ya kizuizi cha barabarani: simama, shuka, toa kitambulisho. Mtu wa namna hiyo akikaa kibandani saa mbili, ni Kiswahili kipi tunampa?

Kwa hiyo nimeanza, tena vibaya. Nimechukua lile tukio la tajiri na mkewe, nikajaribu kuliandikia manukuu. Figili ilinichukua dakika moja. Treni za chini ya ardhi hazipo Busia, lakini nimeziacha, kwa sababu dharau ya msemaji inaeleweka hata kwa asiyewahi kuzipanda. Nilikwama kwenye harufu yenyewe. Lugha hii ina shombo, uvundo, kikwapa, mnuko, na kila moja inamtukana mtu tofauti. Tajiri yule ni mstaarabu, hatukani, na ustaarabu wake ndio unaochoma. Nikaandika "mnuko". Mwenzangu mwenye kompyuta anasema nimezidisha, kwamba mtu wa namna ile angesema "harufu" tu na kukunja pua. Tumebishana siku tatu sasa.