Manaiti na Wamongolia: mechi ilishachezwa, jamani

Wadau, hapa hosteli kuna ubishi umeshanichosha. Kila tukimaliza kuangalia filamu ya mapanga lazima mtu aanze: eti Wamongolia wangekutana na manaiti wa Ulaya, wale wapanda farasi waliovaa chuma kichwani mpaka miguuni, wangekoma. Wangekutana? Walishakutana! Mwaka 1241, tena mara mbili ndani ya siku 3, na Ulaya ikala kichapo zote mbili.

Tarehe 9 Aprili, kule Legnica, Poland, mtawala wa Silesia, Henry II, aliuawa na jeshi lake likasambaratika. Tarehe 11 ikawa zamu ya mfalme Béla IV wa Hungaria, pale Mohi, kando ya mto Sajó. Hii ndiyo inayonimaliza. Usiku wa kuamkia pambano Wahungaria waliwafurusha Wamongolia darajani, wakarudi kambini wakijua kazi imeisha. Alfajiri Batu akalishambulia daraja kwa mitambo ya kurusha mawe, huku Subutai akivusha watu wake sehemu nyingine ya mto. Manaiti wakajikuta wamebanana ndani ya kambi waliyoizungushia mikokoteni wenyewe, mishale inawanyeshea. Kisha Wamongolia wakaacha upenyo makusudi. Watu wakachomoka mbio, wakamalizwa njiani. Hapo chuma mwilini kinakusaidia nini? Mwenzio ana farasi wa akiba kadhaa, anapiga mshale huku farasi anakimbia, wewe wa kwako ameshachoka kukubeba na mabati yako.

Wengine nao wananiudhi: eti Wamongolia walikuwa wengi kama nzige, ndiyo maana. Kisingizio cha aliyefungwa hicho. Béla alipata msaada wa bure kabisa: Wakumani, watu wa nyikani waliopigana kwa upinde juu ya farasi kama Wamongolia wenyewe, walikimbilia kwake. Pale Pest watu wakamshuku kiongozi wao, Köten, kuwa ni jasusi, wakamuua. Watu wake wakaondoka kwa hasira, wakiharibu vijiji njia nzima. Sasa hapo umezidiwa wingi, au umejimaliza mwenyewe kabla mechi haijaanza?

"Lakini mbona hawakuichukua Ulaya yote?" Sawa, waliondoka 1242, na wengi husema ni kwa sababu Khan wao, Ögedei, alifariki Desemba 1241. Ila tazameni Esztergom. Mji ulianguka, ngome ya mawe juu ya kilima haikuanguka, ikilindwa na watu wenye zile pinde zinazofyatuliwa kama bunduki. Béla alilisoma hilo. Alipoirudia nchi yake akahimiza ngome za mawe zijengwe, na Wamongolia waliporudi mwaka 1285, yeye keshafariki, walikwama na kufukuzwa.

Sasa nyie mnaotaka kuisifia Ulaya, mbona simsikii hata mmoja akimtaja fundi mwashi?