Aliyeumia Ubongo Asinyang'anywe Simu

Mtu anapoanguka mkarafuu huko Pemba, au anapotupwa na pikipiki katika barabara za Unguja, jambo la kwanza wanaloliuliza jamaa zake ni kama atapona. Tangu upasuaji wa ubongo uanze kufanywa hapa hapa Mnazi Mmoja, si majeruhi wote tena wanaolazimika kuvushwa bahari kwenda Dar es Salaam, na wako wanaorudi kwao wakitembea kwa miguu yao wenyewe. Lakini liko swali la pili ambalo bado halijapewa uzito unaostahiki: akisharudi nyumbani, atarudi vipi miongoni mwa watu?

Zamani jibu lilipatikana barazani. Mgonjwa alitolewa nje alasiri, akakaa na wenziwe, akiteleza neno akasahihishwa kwa upole, na kidogo kidogo akazoea. Leo sehemu kubwa ya baraza hilo imehamia ndani ya simu. Habari za msiba, za harusi, za mchango wa skuli na za ndugu walioko Muscat au London hupitia katika makundi ya WhatsApp. Asiyekuwamo humo ni kama hayupo mtaani.

Hapo ndipo linapofanyika kosa la watu wenye nia njema: familia humnyang'anya mgonjwa simu. Hatuwalaumu, kwani hofu yao ina msingi. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayomsaidia mtu kusita kabla ya kusema, kupima maneno yake na kutambua hila za wengine. Ikiumia, mtu anaweza kuonekana mzima na fasaha, na hata hivyo akatuma kwa hasira neno ambalo zamani angelimeza, akasahau kuwa ameshalituma, au akauamini ule ujumbe wa matapeli unaosema ile pesa itumwe kwa namba hii.

Wala hatari haiishii kwenye aibu na hasara. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayotumika Bara na Zanzibar, inamwekea anayesambaza habari anazozijua kuwa ni za uongo, kwa kusudi la kukashifu au kupotosha, faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Ni kweli kwamba sheria inataka pawepo kujua na kukusudia. Lakini ni askari gani atakayetambua kwa kumtazama tu kwamba kijana aliyesimama mbele yake ana jeraha lisiloonekana?

Pamoja na yote hayo, sisi tunaamini kwamba kumnyang'anya simu si dawa. Uwezo wa kujizuia na wa kuzungumza na watu hurudi kwa mazoezi, na asiyepewa nafasi ya kufanya mazoezi hatajifunza. Isitoshe, simu yenyewe ni msaada mkubwa. Aliyepoteza uwezo wa kuandika anaweza kutuma sauti yake; asiyeyashika mazungumzo upesi anaweza kuyasikiliza mara ya pili na ya tatu; na aliyerudi kijijini Micheweni, mbali na wataalamu waliomhudumia, anaweza kuwauliza bila ya kupanda boti.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney nchini Australia, akiwemo Melissa Brunner, wamelichunguza jambo hili kwa karibu. Walipowahoji watu walioumia ubongo, walikuta wengi wao wamejifunza mitandao wenyewe kwa kujaribu na kukosea. Walipowahoji wataalamu wa tiba, walibaini kwamba mara nyingi suala hili hushughulikiwa baada ya balaa kutokea. Kutokana na hayo yakatayarishwa mafunzo ya bure kwa ajili ya wagonjwa hao. Ikiwa nchi yenye wataalamu wengi imeliona pengo hilo, sisi tuna sababu kubwa zaidi ya kuliziba.

Hatuombi majengo mapya. Tunachoomba ni kwamba kabla ya mgonjwa kuruhusiwa kutoka hospitali, aulizwe anatumia mitandao gani, na nani, na kwa shughuli gani, na majibu yake yaingizwe katika mpango wa matibabu. Yeye na familia yake wafundishwe mambo machache: ujumbe wa hasira ulale hadi kesho, fedha zisitumwe kabla ya kushauriana na ndugu ambaye mgonjwa mwenyewe amemchagua, makundi yapunguzwe, na saa za kupumzika zijulikane, kwani ubongo ulioumia huchoka upesi.

Polisi na waendesha mashtaka nao wajizoeze kuuliza habari za jeraha na kupokea maelezo ya daktari kabla ya kufungua shauri. Na wananchi wenzetu tuliomo katika makundi hayo tuna wajibu wetu. Ndugu yetu akiteleza, tumwambie faraghani, wala maneno yake yasizungushwe mji mzima ili achekwe.

Wizara ya Afya na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu wanayo hoja ya kuanzia. Mwaka 2009 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 9 ya Mkataba huo inaitaja intaneti waziwazi, na ibara ya 26 inadai huduma za utengamao, yaani za kumrejesha mtu katika maisha yake kamili. Kwa mkaazi wa visiwa hivi, simu ni sehemu ya maisha hayo. Wakati umefika wahusika wakae pamoja na kutoa mwongozo mfupi, kwa Kiswahili kinachoeleweka, utakaokabidhiwa kila familia inayompokea majeruhi wake kutoka wodini.