Picha ya Bi Harusi ni Amana: Tujenge Tovuti Zetu kwa Programu Huria

Leo hatuzungumzii mitindo ya shela wala michoro ya hina. Tunazungumzia mahali ambapo picha za shela hizo huenda kukaa.

Sisi tunaoshona na kupamba maharusi huku Bomani, Tarime, wateja wetu hutoka hapa mjini, Sirari na Musoma, na wengine huvuka mpaka kutoka Isebania. Kabla hawajauliza bei, husema: "Tuonesheni kazi zenu." Na wengi wetu kazi zetu ziko Instagram na kwenye WhatsApp tu. Maoni yetu ni kwamba huko ni pazuri pa kupigia hodi, lakini si pa kuhamia. Kila mwanamke mwenye biashara ya maharusi ajenge tovuti yake, na aijenge kwa programu huria.

Sababu ya kwanza ni amana. Bi harusi anapokukabidhi mwili wake umpime na uso wake umpambe, amekuamini. Ukiiweka picha yake kwenye ukurasa wa kampuni, masharti ni ya kampuni. Wao ndio wanaoamua nani aione na tangazo gani likae jirani na binti wa watu. Akaunti ikifungwa au ikiibwa, kazi ya miaka huondoka nayo. Tovuti yako ni nyumba ambayo ufunguo unao wewe. Ukitumia WordPress unaweza kuufunga ukurasa kwa neno la siri, ukampa bi harusi mwenyewe naye akawapa shangazi zake. Hata hivyo hakuna kufuli la mtandaoni lisilovunjika, kwa hiyo picha ya hadharani ioneshe nguo, si sura.

Sababu ya pili ni halali. Mtaani utauziwa kwenye flashi programu ghali za kupamba picha zilizovunjwa kufuli. Bei yake ni ndogo, lakini ni haki ya mtu, na mara nyingi huja na virusi. Kwa nini tupite mlango wa nyuma wakati wa mbele uko wazi?

Programu huria ni nini? Sisi mafundi tutaielewa upesi. Programu nyingi ni kama gauni lililokwisha kushonwa, unaliona kwa nje tu. Programu huria unapewa gauni pamoja na karatasi ya kukatia. Unaruhusiwa kulivaa, kuchungulia mishono yake, kulipunguza kiuno, na kumgawia jirani. Richard Stallman wa Marekani ndiye aliyetangaza kazi hiyo mwaka 1983, na mwaka 1989 ikatoka leseni ya GPL. Leseni hiyo inasema kwamba ukiibadilisha programu kisha ukaigawa, na wewe uwape wengine ruhusa ileile uliyopewa. Kwetu sisi inakumbusha kisima cha wakfu: kila mtu anachota, na hakuna wa kukizungushia ukuta akasema ni changu.

Vifaa vyenyewe vipo. WordPress, iliyoanza mwaka 2003, inaendesha zaidi ya tovuti 40 katika kila 100 duniani, na WooCommerce huiongezea duka. GIMP hukata na kung'arisha picha. Inkscape huchora nembo na kadi za mwaliko, na ukiiongezea Ink/Stitch hutayarisha michoro ya mashine ya tarizi. Kwa maandishi ya Kiarabu kwenye kadi ya nikahi kuna herufi za Amiri, alizozitengeneza Khaled Hosny wa Misri kwa kufuata herufi za kiwanda cha chapa cha Bulaq, Cairo. Zote hizo unazipata bure na kwa ridhaa ya wenyewe.

Msidhani haya ni mambo ya Ulaya tu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndicho kilichotoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Na hapahapa Mara, tangu mwaka 2015 watu wa kujitolea wa Crowd2Map wamekuwa wakichora vijiji vyetu kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia. Ramani hizo zimewasaidia wanaowaokoa mabinti wanaokimbia ukeketaji, akiwemo Rhobi Samwelly na nyumba yake salama ya Mugumu, Serengeti, kujua njia ya kufika kijijini kabla ya kisu. Kama kitu cha bure kimebeba uhai wa mabinti, kitashindwa kubeba magauni yetu?

Wapo watakaosema cha bure kina gharama. Ni kweli, na tusidanganyane. Jina la tovuti na mahali pa kuiweka hulipiwa, bando hulipiwa, na programu isiposasishwa huwa mlango wa wezi. Pia kujifunza kunachukua muda. Lakini nani kati yetu alijua kutia mkono wa koti wiki ya kwanza? Aliyemudu kukata kitambaa cha mteja bila kukiharibu, atamudu WordPress. Mkichangishana mafundi wanne au watano, gharama hupungua, na mmoja wenu akiijua kazi atawafunza wenzake.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Vyuo vya ushonaji viongeze somo la tovuti na picha kwa programu huria, maana binti anayehitimu na cherehani tu amepewa nusu ya kazi. Mafundi wenzetu, kazi zenu ziwe na nakala mkononi mwenu, si kwenye simu ya mpiga picha. Na wewe bi harusi mtarajiwa, pamoja na kuuliza bei ya shela, uliza: "Picha zangu zitakaa wapi, na nani ana ufunguo?" Fundi asiyekuwa na jibu, mpe muda alitafute kabla hujampa mwili wako aupime.

Allah azibariki ndoa zenu na mikono yenu. Wabillahi tawfiq.